Jua lina tungamo mara 333,000 ya Dunia, mbona graviti ya uso wake ni mara 28 tu?

Fundi Jedwali

Wakuu, nahitaji msaada wa wanafizikia na wapenda anga. Naandaa jedwali la kulinganisha Jua na sayari zake kwa ajili ya kidato cha tatu, na kuna namba zinaonekana kupingana zenyewe kwa zenyewe.

Kwanza, tungamo la Jua ni kilo 1.989 × 10^30, la Dunia kilo 5.972 × 10^24. Ukigawanya unapata kama 333,000. Lakini kila kitabu kinasema graviti kwenye uso wa Jua ni 274 m/s², yaani mara 28 tu ya hapa kwetu. Zile 333,000 zimeishia wapi?

Pili, nikikokotoa mvuto unaoushika Mwezi, Jua linaishinda Dunia kwa mara 2.2. Nimerudia hesabu, jibu ni lile lile. Mbona basi Mwezi haujatuacha?

Tatu, kama Jua linatuvuta zaidi ya Mwezi, kwa nini bamvua (kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari) na maji mafu (kujaa na kupwa kudogo) yanahesabiwa kwa Mwezi?

Nne, wanafunzi watauliza ni nani aliyelipima Jua kwenye mizani. Naomba njia ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha kawaida.

---

Kipeo cha Pili

Mkuu, la kwanza ni jepesi ukikumbuka kwamba graviti ya usoni ina vitu viwili ndani yake: tungamo, na umbali wako kutoka kitovuni. Fomula ni g = GM/R² (G ni namba isiyobadilika ya mvuto, M ni tungamo, R ni nusu kipenyo). Tungamo liko juu, lakini nusu kipenyo kiko chini na kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe.

Usihangaike na G wala vipeo vikubwa, fanya kwa uwiano. Nusu kipenyo cha Jua ni kilomita 695,700, cha Dunia 6,371. Uwiano ni 109.2. Mraba wake ni takriban 11,925. Sasa 332,946 ÷ 11,925 = 27.9. Zidisha kwa 9.8 unapata 274. Kwa hiyo hakuna kilichopotea. Anayesimama kwenye uso wa Jua yuko mbali na kitovu mara 109 kuliko sisi tulivyo mbali na kitovu cha Dunia, na umbali huo unakula sehemu kubwa ya faida ya tungamo. Mtu wa kilo 70 angeelemea chini kwa nyutoni 19,180, na mizani ya bafuni iliyotengenezwa kwa ajili ya Dunia ingesoma karibu kilo 1,950.

Kosa ninaloliona sana kwenye madaftari ni kutumia kipenyo badala ya nusu yake kwa kitu kimoja na kusahau kwa kingine. Ukiweka kipenyo cha Jua (kilomita 1,391,400) ndani ya GM/R² utapata 68.5, robo kamili ya jibu. Ukiona robo, ujue kosa ni hilo. Kosa la pili ni kuacha R katika kilomita huku G iko katika mita: jibu linavimba mara milioni moja.

Kuna njia nyingine inayofaa kwa darasa kwa sababu inaonyesha sababu yenyewe. Graviti ya usoni inakwenda sawia na densiti ikizidishwa kwa nusu kipenyo. Densiti ya wastani ya Jua ni kilo 1,408 kwa mita ya ujazo, ya Dunia 5,514. Yaani Jua kwa wastani ni jepesi kuliko Dunia karibu mara nne. 0.2553 × 109.2 = 27.9, jibu lile lile. Jua limezidi kwa ukubwa tu, kwa densiti limeshindwa.

Kwa jedwali lako, namba hizi ziko salama (tungamo ukihesabu Dunia kuwa 1, kisha graviti ya usoni kwa m/s²):

Utaridi: 0.055, 3.70
Zuhura: 0.815, 8.87
Dunia: 1, 9.8
Mwezi: 0.0123, 1.62
Mirihi: 0.107, 3.7
Mshtarii: 318, 24.8
Zohali: 95.2, 10.4
Jua: 332,946, 274

Wape wanafunzi mistari miwili ya kutafakari. Mirihi ina tungamo karibu mara mbili ya Utaridi, lakini graviti zao ni karibu sawa. Zohali ina tungamo la Dunia 95, na bado ungehisi kama uko nyumbani. Ukieleza hiyo ya Zohali vizuri, ya Jua hawatakuuliza tena.

Angalizo kwa Mshtarii na Zohali: vitabu vingine vinaandika 23.1 na 9.0 badala ya 24.8 na 10.4, na watu hudhani kuna aliyekosea. Sayari hizi zinajizungusha kwa takriban saa 10, hivyo pale ikweta mzunguko unapunguza kidogo kile unachohisi. Namba ndogo imeshatolewa mzunguko, namba kubwa bado. Chagua mtindo mmoja uuandike juu ya jedwali. Kwa Jua hakuna shida hiyo, linajizungusha polepole (karibu siku 25 ikweta) na tofauti haifiki hata mita 0.01 kwa sekunde mraba.

---

Gesi Tupu

Swali la uchokozi: Jua ni gesi. "Uso" gani huo mnaopimia?

---

Kipeo cha Pili

Ni tabaka ambalo mwanga unatoka bila kuzuiwa tena, fotosfea. Lina unene wa kilomita mia chache tu, kitu kidogo sana mbele ya kilomita 695,700, kwa hiyo graviti haibadiliki hata ukibishana wapi hasa liishie. Ni kweli hakuna pa kusimama. 274 ni mchapuko wa kitu kinachoachiwa pale.

Na kwa kuwa umegusa ndani: ukizama, graviti ya Jua haipungui moja kwa moja, inapanda kwanza. Takriban nusu ya tungamo lote la Jua imebanwa ndani ya robo ya nusu kipenyo. Fanya hesabu: 0.5 ÷ 0.25² = 8. Yaani kwenye kina hicho ni mara nane ya usoni, karibu 2,200 m/s². Ndipo inaanza kushuka hadi sifuri kitovuni. Katikati kabisa densiti inafika gramu 150 hivi kwa sentimita ya ujazo, wakati wastani wa Jua zima ni 1.4.

---

Nahodha wa Bamvua

Mimi nachukua la pili na la tatu, maana ni swali moja lenye nguo mbili.

Hesabu yako ni sahihi, mkuu. Jua linauvuta Mwezi kwa mchapuko wa 0.00593 m/s². Dunia inauvuta kwa 0.0027 m/s². Uwiano 2.2. Tatizo ni kwamba umeilinganisha kani ya Jua juu ya Mwezi na kani ya Dunia juu ya Mwezi, ukasahau kwamba Jua linaivuta na Dunia yenyewe, kwa mchapuko ule ule wa 0.00593. Wote wawili wanaanguka kuelekea Jua pamoja, bega kwa bega. Kitu kinachoweza kuwatenganisha ni tofauti ya mivuto hiyo miwili, mvuto mzima hauna kazi hapo.

Tofauti hiyo unaipata hivi: 2GM × d ÷ a³, ambapo d ni umbali wa Mwezi (mita 3.844 × 10^8) na a ni umbali wa Jua (mita 1.496 × 10^11). GM ya Jua ni 1.327 × 10^20. Jibu ni karibu 0.00003 m/s². Dunia inashika kwa 0.0027. Yaani nguvu ya Jua ya kuutenga Mwezi na Dunia ni kama asilimia moja tu ya mshiko wa Dunia. Mwezi unayumbishwa na asilimia hiyo, na wanaotabiri kupatwa kwa Jua hulazimika kuihesabu, lakini haung'olewi.

Mpaka wa mshiko wetu uko wapi? Chukua umbali wa Jua, zidisha kwa kipeuo cha tatu cha (m ÷ 3M). Kwa Dunia m/M ni 1 ÷ 332,946, na theluthi yake ni karibu moja ya milioni. Kipeuo cha tatu cha hiyo ni 0.01. Basi mpaka ni asilimia 1 ya kilomita milioni 149.6, karibu kilomita milioni 1.5. Mwezi uko kilomita 384,400, ndani kabisa.

Na kuna jambo ambalo michoro ya vitabuni huliharibu: wanachora njia ya Mwezi kuzunguka Jua kama mzunguko wenye vitanzi. Kwa kuwa mvuto wa Jua unashinda ule wa Dunia muda wote, njia halisi ya Mwezi inajipinda kuelekea Jua kila sehemu, haina kitanzi hata kimoja. Ukiichora kwa kipimo sahihi haitofautiki kwa macho na duara.

Sasa bahari. Jua linaivuta Dunia kwa 0.00593 m/s², Mwezi kwa 0.0000332. Jua limeshinda karibu mara 179. Lakini maji hayajali mvuto mzima, kwa sababu ile ile: sakafu ya bahari inavutwa pamoja na maji. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa Dunia ulio karibu na ule wa mbali. Mvuto wenyewe unapungua kwa mraba wa umbali, tofauti yake inapungua kwa kipeo cha tatu. Hapo umbali wa Jua, ambao ni karibu mara 389 ya ule wa Mwezi, unaliumiza mara moja zaidi: 179 ÷ 389 = 0.46. Basi kani ya Jua juu ya maji ni asilimia 46 ya ile ya Mwezi.

Hiyo 0.46 ndiyo inayozaa bamvua na maji mafu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua na Mwezi viko kwenye mstari mmoja, unajumlisha: 1 + 0.46 = 1.46. Kwenye robo zote mbili vinavuta kwa pembe mraba, unatoa: 1 − 0.46 = 0.54. Gawanya, unapata 2.7. Ndiyo maana Unguja na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4 wakati wa bamvua, kisha siku saba baadaye maji yanasogea kidogo tu. Usitegemee 2.7 kamili bandarini, umbo la sakafu na mkondo wa pwani vinabadilisha kiasi, na kilele cha bamvua mara nyingi huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu.

Bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa zaidi kwa kuwa Jua liko juu ya ikweta. Umbali nao unachangia: mwanzoni mwa Januari Jua liko kilomita milioni 147.1, mwanzoni mwa Julai milioni 152.1. Uwiano huo kwa kipeo cha tatu unatoa tofauti ya asilimia 10 au 11 katika sehemu ya Jua. Mwezi ndio unaocheza zaidi, kati ya karibu kilomita 363,000 na 405,000 kwa wastani, ambayo ni tofauti ya karibu asilimia 39 katika sehemu yake. Mwenye ngalawa anaposema bamvua hii imezidi ile ya mwezi jana, mara nyingi sababu ni umbali wa Mwezi.

---

Obiti

Namba nne. Hakuna mizani. Kinachopimwa ni muda wa kitu kinachozunguka na umbali wake, na tungamo la kinachozungukwa linajitokeza lenyewe.

Njia ndefu kwanza: M = 4π²a³ ÷ (G × T²). Weka a = mita 1.496 × 10^11, T = siku 365.256 × sekunde 86,400 = sekunde 3.156 × 10^7, G = 6.674 × 10^-11. Juu unapata 1.322 × 10^35, chini 6.647 × 10^4, jibu kilo 1.989 × 10^30.

Darasa zima litakosea mahali pawili. Moja ni kitufe cha EXP. Mwanafunzi anabonyeza 1.496 × 10 EXP 11, na kwa kikokotoo hiyo ni 1.496 × 10^12, kwa sababu EXP tayari ina ile 10 ndani yake. Kosa la mara 10 kwenye a likipandishwa kwa tatu linakuwa mara 1,000. Abonyeze 1.496 EXP 11 basi. Pili, mabano ya chini: 4π²a³ ÷ G × T² bila mabano itagawanya kwa G kisha izidishe kwa T². Jibu linatoka kubwa la ajabu, karibu 10^60. Akiona hivyo ajue ni mabano.

Njia fupi ndiyo ninayoipenda, haina G kabisa. Pima umbali kwa vizio vya astronomia (kimoja ni wastani wa umbali wa Dunia na Jua, kilomita 149,597,871), muda kwa miaka, tungamo kwa Majua. Fomula inabaki M = a³ ÷ T². Kwa Dunia: 1 ÷ 1 = 1. Sasa pima vingine.

Mshtarii kwa kutumia mwezi wake Io: umbali kilomita 421,700, ambao ni vizio 0.002819. Muda siku 1.769, ambao ni mwaka 0.004844. Jibu ni 0.000955, yaani 1 ÷ 1,047. Jua ni Mshtarii 1,047. Sayari kubwa kuliko zote haifiki hata sehemu moja ya elfu ya Jua, na Jua peke yake ni asilimia 99.86 ya tungamo lote la mfumo wetu.

Dunia kwa kutumia Mwezi: 384,400 ni vizio 0.0025696, siku 27.3217 ni mwaka 0.074801. Jibu ni karibu 1 ÷ 329,800. Mwanafunzi makini atauliza mbona si 332,946. Kwa sababu fomula inatoa jumla ya tungamo la vyote viwili, Dunia na Mwezi wake, na Mwezi ni 1.23% ya Dunia. Kwa Io na Mshtarii jumla hiyo haionekani maana Io ni kidogo mno. Kinachobaki baada ya hapo, chini ya asilimia 0.3, kinatokana na kusukwasukwa na Jua alikokueleza Nahodha.

Fomula hiyo hiyo inapima hata vitu vya mbali. Nyota S2 inazunguka kitovu cha Njia Nyeupe kwa miaka 16.05, kwa umbali wa wastani wa vizio 1,030 hivi. 1,030³ ÷ 16.05² = karibu milioni 4.2. Hilo ndilo shimo jeusi Sagittarius A*, Majua zaidi ya milioni 4. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata sehemu yao ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020 kwa kazi hii.

Kilo zinaingia mwisho tu, ukishaijua G. Hiyo ilitokana na jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1798, la mipira ya metali ya risasi iliyoning'inizwa kwa waya. Na hapa pana jambo la kuchekesha: GM ya Jua inajulikana kwa tarakimu kumi, kwa kuwa tunaipata kwenye mizunguko, lakini G yenyewe ina shaka ya takriban sehemu 22 kwa milioni. Kwa hiyo tungamo la Jua kwa kilo lina shaka ya sehemu hizo hizo, ambazo ni tungamo la Dunia saba na zaidi. Ndiyo maana wanaorusha vyombo angani hutumia GM tu, kilo hawazigusi. Kwenye jedwali andika 1.989 × 10^30, usiongeze tarakimu.

---

Fundi Jedwali

Wakuu, asanteni sana. Mbili za mwisho. Je, tungamo kubwa siku zote lina uso wenye graviti kubwa miongoni mwa nyota? Na kama Jua linavuta hivi, kurusha chombo kikaliangukie si ni rahisi tu?

---

Kipeo cha Pili

Hapana kwa la kwanza, mara nyingi ni kinyume. Proxima Centauri ina asilimia 12 tu ya tungamo la Jua, ila nusu kipenyo chake ni asilimia 15. 0.122 ÷ 0.154² = 5.1, basi uso wake unavuta mara tano ya Jua. Ibuti la Jauza (Betelgeuse), ile nyota nyekundu begani mwa Jabari (Orion), ina tungamo la Majua kumi na kitu lakini imevimba hadi mamia ya mara ya upana wa Jua. Graviti usoni pake haifiki hata moja ya mia ya ile ya Mwezi wetu, ndiyo maana gesi yake inamtoroka kirahisi.

Upande wa pili, mwenzi mdogo wa nyota Shira (Sirius B) ana tungamo la Jua moja lililobanwa ndani ya kitu kidogo kuliko Dunia. Graviti yake usoni ni zaidi ya mara 350,000 ya hapa. Nyota ya nyutroni yenye Majua 1.4 na nusu kipenyo cha kilomita 12 inapita trilioni moja m/s². Huko fomula ya Newton inakupa kadirio tu, unamhitaji Einstein.

---

Obiti

La pili: si rahisi, ni kugumu kuliko kutoka nje ya mfumo wa Jua. Chombo kikiondoka hapa kinabaki na mwendo wa Dunia, kilomita 29.8 kwa sekunde kwenda pembeni. Ili kiangukie Jua lazima ukiondolee karibu mwendo wote huo. Ili kilitoroke Jua unahitaji 42.1, yaani kuongeza 12.3 tu.

Parker Solar Probe, iliyorushwa mwaka 2018, ilipita karibu na Zuhura mara saba ili ipunguze mwendo kidogo kidogo. Tarehe 24 Desemba 2024 ilifika kilomita milioni 6.1 kutoka usoni, ikienda karibu kilomita 192 kwa sekunde. Kutoka kitovuni hapo ni nusu kipenyo cha Jua mara 9.8, kwa hiyo mvuto ni 274 ÷ 96, karibu 2.9 m/s². Haufiki hata theluthi ya ule wa Dunia. Wape hiyo kama swali la mtihani, na uwape ile milioni 6.1 ya kutoka usoni, si umbali wa kutoka kitovuni: nusu yao watasahau kuongeza kilomita 695,700 za kutoka usoni hadi kitovuni, watapata 3.6.